Msumari Uliotoka Juu

Katika miaka ishirini na sita ya kushona viatu, Fundi alikuwa amesikia uongo wa kila rangi. Mama mmoja aliyevunja kisigino akimkimbiza mumewe alisema ni ngazi. Mwalimu aliyecheza mpira na kiatu cha harusi alisema ni mvua. Fundi hakuwa na ugomvi nao. Ngozi ilikuwa ikimwambia ukweli kabla mwenye kiatu hajamaliza sentensi, naye alinyamaza, akashona, akamtakia mtu siku njema.

Lakini Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, shemeji yake alipoweka buti jeusi juu ya meza na kusema, "Msumari, shemeji," Fundi aliligeuza buti mara tatu, akavaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa aproni, akaivaa tena.

"Msumari?"

"Msumari mkubwa. Kazini kuna mafundi, mbao zimezagaa kila mahali."

"Ukaukanyaga."

"Nikaukanyaga."

"Sasa mbona umeingilia juu?"

Shemeji akakohoa. Alikuwa mwanamume mrefu, wa masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele za wateja wa saluni ya jirani, na alikuwa ameoa mdogo wake Fundi miaka kumi na moja iliyopita. Alikuwa mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi, akisimama na bastola mlangoni kwa sonara, duka la pete na mikufu. Watu walimwita Radi. Jina hilo alijipa mwenyewe, na wenzake wakalikubali kwa sababu kulikataa kulichosha. Alidai kwamba mkono wake ukienda kiunoni na kurudi, jicho la binadamu halioni kitu.

"Tazama," Fundi akasema, akipitisha msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, kwenye tundu. Ulizama juu, karibu na kidole gumba, ukatokea chini kwenye soli. "Ngozi ya juu imeingia ndani. Soli imefumukia nje. Kitu hiki kilitoka juu kikaenda chini. Msumari wako ulidondoka kutoka mbinguni?"

"Pengine ulitoka kwenye dari."

"Ukiwa wa moto?" Fundi akanusa tundu. "Maana pembeni pameungua."

"Shemeji, wewe shona tu. Kesho niko zamu."

Fundi hakubishana. Aliweka buti chini, akachukua simu, akampigia mdogo wake mbele ya Radi, kwa sauti ya upole kabisa. Baada ya salamu na habari za watoto aliuliza, "Hivi mwenzio buti lake limepatwa na nini?"

Sauti ya mdogo wake ilisikika hadi mlangoni. "Asidi ya betri, dada! Imemdondokea kazini. Na mguu umeguswa kidogo, kafunga plasta, hataki niuone."

"Maskini. Asidi," Fundi akasema, akakata simu.

Radi alikuwa akisoma kwa makini kibandiko cha dawa ya viatu. Bahati mbaya mwenye saluni ya jirani naye alikuwa amesimama mlangoni akingoja ndara zake, na mwenye saluni hakuzaliwa na subira.

"Asidi?" akasema. "Mimi asubuhi nimemuuliza kwa nini anachechemea, kaniambia kang'atwa na mbwa."

"Basi huyo mbwa," Fundi akasema, "alikuwa na msumari mdomoni, na msumari umechovywa kwenye asidi."

Mwenye saluni alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Radi alicheka pia, kicheko kifupi cha mtu anayetafuta njia ya kutokea. Akanyoosha mkono achukue buti lake. Fundi akalikalia.

Hapo ndipo alipouona mkoba wa bastola. Ulikuwa mtupu, kwa sababu silaha zote za kampuni zililala kwenye kabati la chuma la ofisi, lakini Radi aliuvaa hata siku za mapumziko ili watu wajue. Haukuwa wa kampuni. Aliununua mwenyewe kwa askari mmoja mstaafu, ngozi nyeusi ya kizamani iliyong'aa kama biringani.

"Vua mkanda," Fundi akasema.

"Shemeji! Mbele za watu?"

"Vua mkanda nione huo mkoba. Mengine yako baki nayo."

Alivua. Fundi aliuchukua mkoba, akaubonyeza mdomoni kwa kidole kimoja, na mdomo ule ukajikunja kuingia ndani, laini kama sikio la mbuzi. Akauachia. Haukurudi. Ulibaki umejikunja vilevile, kikunjo kimeelekea katikati kama ulimi.

"Unaupaka nini?"

"Mafuta ya nazi. Kila Jumapili," Radi akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alinyoosha mabega. "Ndiyo siri yangu. Ngozi ikilainika, bastola inatoka kama samaki. Wenzangu wote sasa wananiiga. Nimewapa na vipimo: vijiko viwili, halafu unaanika juani."

"Wenzako wangapi?"

"Aa, sita, saba hivi."

Fundi alikumbuka kwamba mwezi uliopita alikwenda kwa sonara pamoja na mdogo wake kubadilisha kishikizo cha hereni. Walisimama hatua mbili kutoka alipokuwa Radi. Mtoto wa mwisho wa mdogo wake, wa miaka minne, alimkumbatia baba yake paja na kuning'inia pale, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya mkoba huu huu uliokuwa mapajani mwa Fundi sasa. Watu wengine wakiogopa hulia au hugomba. Fundi tangu utotoni akiogopa alikuwa mtundu, na mama yake marehemu alimchapa sana kwa hilo bila mafanikio.

Chini ya meza kulikuwa na kikapu cha vitu vya mjukuu wake aliyeshinda pale wikiendi. Alichakura ndani akatoa bastola ya maji, ya plastiki ya kijani, saizi ya kiganja cha mtu mzima. Akaifungua kifuniko. Akachukua chupa ya rangi ya ngozi, ile zambarau aliyoagiza kwa ajili ya viatu vya bibi harusi fulani aliyebadilisha mawazo, akamimina taratibu mpaka ikajaa.

"Hiyo ni ya nini?" Radi akauliza.

"Nataka kujifunza. Sijawahi kukuona ukifanya kazi yako. Watu wanasema Radi, Radi. Hebu nionyeshe."

Mtu mwenye akili angeuliza maswali zaidi. Lakini ndani ya Radi kulikuwa na sehemu ambayo ukiigusa kwa sifa, masikio yake yanaziba. Alivaa mkanda, akachomeka bastola ya plastiki mkobani polepole huku akiiweka sawa kwa vidole, akapanua miguu, akamtazama mwenye saluni kama vile mwenye saluni ni jambazi.

"Angalieni mkono," akasema.

Mkono ulikwenda. Kwa kweli alikuwa mwepesi, Fundi hakumnyima hilo. Bastola ilitoka, ikamwelekea jambazi wa hewani, Radi akasema "Pa!" kwa mdomo, kisha, bila kutazama chini, akairudisha kwa mkono uleule wa umeme.

Mdomo wa mkoba ulikuwa umejikunja. Kile kikunjo kiliingia katika pete ya triga kabla ya kitu kingine chochote, na Radi akasukuma.

Rangi ilitoka kama mkojo wa farasi. Ilipita ndani ya mkoba, ikashuka pajani, ikapita gotini, ikajaza kandambili. Na kwa kuwa Radi alihisi kitu kimekwama, alifanya ambacho watu wengi hufanya kitu kikikwama: alisukuma zaidi. Ikatoka nyingine.

Mwenye saluni aliketi chini sakafuni. Alikuwa amepoteza nguvu za kucheka akiwa amesimama.

Radi hakucheka. Alikuwa akitazama mguu wake wa kulia, ule wenye plasta, rangi ikichuruzika katikati ya kidole gumba na cha pili. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. Masharubu yenyewe yalionekana kulegea.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema kwa sauti ndogo. "Hivyo hivyo kabisa."

Fundi akamwonyesha kigoda. Mwenye saluni, ambaye licha ya yote alikuwa na moyo, aliinuka akaenda kuchemsha chai, ingawa alichemshia karibu na mlango ili asikose neno.

Ilikuwa jana yake jioni, Radi akasimulia, katika chumba cha kubadilishia nguo kazini. Wenzake walikuwa wametangulia. Radi alibaki na kioo kirefu kilichokuwa ukutani, na Radi akibaki na kioo, basi kazi ipo. Badala ya kukabidhi bastola kwanza, alitaka kujiona mara moja tu. Akatoa, akarudisha. Akaona ni vizuri. Akatoa, akarudisha. Mara ya tatu akaamua kurudisha huku anatabasamu.

"Mlio, shemeji! Masikio yalilia mpaka usiku. Nikadhani nimekufa. Nikatazama chini, naona moshi unatoka kwenye buti langu kama sigara."

"Kidole?"

"Vyote vipo. Ilipita katikati. Imekwaruza tu." Akagusa plasta. "Watu wa zamu ya usiku wakaja mbio kuuliza, nikasema ni jenereta. Kwenye kigae cha sakafuni kuna tundu. Nimeweka pipa la taka juu yake."

"Na bastola ukairudisha kabatini na risasi imepungua."

"Mtunza kabati huwa anahesabu Ijumaa."

"Kwa hiyo una siku tatu za kuwa mjinga."

Radi alishika kichwa. Alisema watamfukuza. Alisema watoto wako shule. Alisema amejifunza, haki ya nani, hatarudia, ataacha hata mafuta ya nazi, na kama Fundi ataliziba tundu hili vizuri na kulipaka kiwi, jambo litaishia hapo.

"Shemeji," Fundi akasema, na utani wote ulikuwa umetoka katika sauti yake, "buti naweza kuliziba. Nikiliziba, wewe mwenyewe utatafuta tundu lilipokuwa usilione. Lakini umewapa watu saba vipimo vya mafuta. Kesho asubuhi watu saba watasimama milangoni, kila mmoja na sikio la mbuzi kiunoni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawa wenzako hawajui kama wanaliwa. Wewe unajua."

Radi alikunja vidole ndani ya kandambili iliyojaa rangi.

"Na mwezi uliopita mwanao alikuwa ananing'inia hapo," Fundi akamalizia, akionyesha paja lililojaa zambarau.

Hilo ndilo lililomwinua Radi kigodani. "Nitakwenda kwa mkuu wetu, Afande," akasema. "Kesho asubuhi na mapema."

"Sasa hivi."

"Na suruali hii?"

"Hasa na suruali hii."

Ofisi ya kampuni ilikuwa mitaa miwili mbele. Walikwenda kwa miguu, Fundi mbele na buti mkononi, Radi nyuma akijaribu kuficha mguu mmoja kwa mwingine, jambo ambalo halijawahi kumfanikia mtu anayetembea. Muuza magazeti aliuliza kama amegongwa na gari la zabibu. Wasichana wawili waliokuwa wakitoa fotokopi walisimamisha mashine. Radi alisalimia kila mtu kwa heshima kubwa, akitumaini kwamba adabu itawavuta macho yapande juu.

Mkuu wa walinzi alikuwa mtu mfupi, mkavu, aliyestaafu jeshini akiwa na akiba kubwa ya maneno ambayo hakuyatumia. Walimwita Afande tu. Aliitazama suruali. Alilitazama buti. Akamtazama Fundi, akamwonyesha kiti.

Radi alisimama wima akasema yote, kuanzia kioo hadi pipa la taka. Neno "jenereta" alilisema mara mbili. Hakuacha kitu, hata lile tabasamu.

Afande alifungua droo, akatoa ganda la risasi, akalisimamisha mezani kama mtu anayecheza bao.

"Nililikuta jana usiku nyuma ya makabati," akasema. "Na pipa la taka halijawahi kukaa katikati ya chumba."

"Afande ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nangoja."

"Mpaka lini, Afande?"

Afande akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro. "Mpaka saa kumi. Baada ya hapo ningepiga simu, na ungeongea na wengine."

Fundi, ambaye hadi hapo alidhani kwamba yeye ndiye mjanja kuliko wote mtaani, alimwangalia yule mzee mkavu kwa heshima mpya.

Adhabu haikuwa ndogo. Radi alinyang'anywa bastola kwa miezi mitatu, akapelekwa lango la nyuma la ghala kuandika namba za magari, na taarifa iliandikwa na kupelekwa panapohusika. Lakini hakufukuzwa. Afande alisema, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba mlinzi anayesema ukweli na suruali kama ile anaweza kufundishika.

Kesho yake, kabla ya zamu, walinzi wote kumi na wanne waliitwa uani na mikoba yao. Bastola zilibaki kabatini. Fundi naye aliitwa, na yeye alifika na bastola ya maji, chupa ya rangi na shuka kuukuu la kutandika chini. Alipita akibonyeza mdomo wa kila mkoba. Saba ilikuwa imelainika na kunukia nazi.

"Wenye hii waje mbele," akasema. "Kila mmoja arudishe kama anavyorudisha siku zote."

Mmoja baada ya mwingine waliondoka na zambarau. Wa nne alijidai mjanja, akaenda polepole, ila kidole chake cha shahada kilikuwa kimelala juu ya triga wakati wote; ukingo wa mkoba ukakisukuma kidole, kidole kikasukuma triga, naye akapata fungu lake. Wenye mikoba migumu walikuwa wakicheka mno, wakipigana mabega.

Kisha Afande akanyoosha mkono. Alitaka kuwaonyesha inavyofanywa. Mkoba wake ulikuwa wa kampuni, mgumu kama ubao. Kidole chake kilikuwa kimenyooka pembeni, mbali na triga. Hakuwa na haraka. Lakini asubuhi ilikuwa ya baridi na Afande alikuwa amevaa jaketi lenye kamba ya kukazia chini, ile yenye kishanga mwishoni, na kishanga kile kikatangulia kuingia kwenye pete ya triga.

Rangi ilishuka kwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali ya kisu. Hakuna aliyethubutu kupumua. Fundi aliuma midomo mpaka ikamuuma.

Afande aliitoa bastola ya maji, akaitazama, akaikata kamba ya jaketi kwa kisu kidogo cha mfukoni, akaitupa. Ndipo akatoa hotuba ndefu kuliko zote walizowahi kumsikia akitoa.

"Kuitoa bastola kunaweza kuwa na haraka yake," akasema. "Kuirudisha hakuna. Sijawahi kuzika mtu aliyekufa kwa kuchelewa kurudisha. Kwa hiyo: kidole nje, kimenyooka. Nguo pembeni, kwa mkono mwingine. Macho yatazame shimo, hakuna atakayewacheka. Halafu polepole. Ukihisi kitu kimegusa, usisukume. Simama. Toa. Tazama ni nini." Akaitazama kamba iliyokuwa chini. "Na majaketi yenye kamba ni marufuku. Kuanzia na langu."

Hapo ndipo Radi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa na daftari lake la namba za magari, aliposhindwa. Kilianza kama kikohozi. Afande akageuka, akamwona, akaitazama tena suruali yake mwenyewe, na masikio yake yakasogea kidogo, jambo ambalo wenye kumjua waliapa kwamba ni kicheko. Basi uwanja mzima ukalipuka.

Mikoba ile saba ilikatwa vipande mbele ya watu. Afande alimuuliza Fundi kama anaweza kutengeneza mipya, naye akasema ngozi ni ngozi, mguu au kiuno. Alichukua vipimo kwa uangalifu, bastola yenyewe ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili mbele yake. Alitumia ngozi nene ya soli, akailoweka, akaikandamiza kwenye kiolezo cha mbao mpaka ikashika umbo, na mdomoni akashonea utepe wa chuma chembamba katikati ya ngozi mbili, ili mdomo ubaki wazi hata bastola isipokuwemo. Wa kwanza ulipokauka aliuweka sakafuni akaukanyaga kwa kisigino. Haukujikunja. Akaanza wa pili.

Miezi mitatu ilipita. Huko langoni Radi alijifunza kuandika vizuri, na madereva wa malori walimzoea. Masharubu aliyapunguza. Jina halikumtoka, lakini watu walianza kulitamka kwa kulivuta, Raaadi, nusu dakika nzima, naye akaitika. Siku aliporudishiwa bastola yake na kusimama tena kwa sonara, alipoiweka mkobani mara ya kwanza alisogeza koti, akatazama chini, akanyoosha kidole, akaishusha kwa utulivu kiasi kwamba sonara alitoka nyuma ya kaunta akamuuliza kama anaumwa mgongo.

"Siumwi, bosi. Narudisha."

"Unarudisha tangu saa ngapi?"

"Haina saa, bosi."

Mdogo wake Fundi alikuja kibandani wiki mbili baadaye akiwa amevimba kwa hasira. Hata salamu hakumaliza.

"Dada, umeniharibia mume."

"Nimemfanya nini tena?"

"Amekuwa mwalimu! Jana narudisha kisu kwenye droo ya jikoni, ananishika mkono. 'Tazama kwanza. Kuna kitu kimezuia? Usisukume.' Leo asubuhi mtoto anavaa soksi, anamsimamia: 'Taratibu, kidole kinyooke.' Soksi, dada! Tumechelewa shule wote. Na mafuta ya nazi ameyafungia kabatini, anasema nikitaka ya nywele niombe."

Fundi alicheka mpaka sindano ikamdondoka, ikabidi wote wawili wapige magoti kuitafuta chini ya meza, mmoja bado anacheka na mwingine bado anagomba.

"Na wewe unamsikiliza?" Fundi akauliza akiwa chini. "Akikwambia taratibu, unakwenda taratibu?"

Mdogo wake, kwa aibu kidogo, akasema, "Kile kisu kilikuwa kinaelekea kwenye kidole changu, kusema kweli."

"Haya. Sogeza mguu basi, sindano nimeiona. Iko karibu na kisigino chako. Usiruke."

Mdogo wake akaruka.